Ukimya si Shetani, Lakini Pumzi si Posho

Naandika nikiwa na hasira. Najua inachekesha: mtu anayetaka kuongea juu ya kutuliza kichwa angetulia kwanza yeye. Mimi sijatulia. Wiki tatu sasa nabishana na watu wa pande mbili, na wote nawapenda, ndiyo maana nabishana nao.

Upande mmoja ni mapasta wetu. Wanasema kukaa kimya dakika kumi, ukifuata pumzi yako bila kusema kitu, ni kufungua mlango mapepo yaingie. Upande wa pili ni ndugu zetu wa ma-ONG. Wanakuja na vizibao na bango lao, wanatuambia tupumue ndani, tupumue nje, halafu tuandike kwenye karatasi tunajisikiaje, kutoka moja hadi kumi. Pasta anatunyang'anya ukimya. ONG inatupa ukimya mahali pa sahani. Nasema wote wawili wamekosea, na kosa la mmoja linalisha kosa la mwingine.

Kwanza niseme ninaposimama. Nakaa Kibenga, huku kusini ya Bujumbura, upande wa ziwa. Kwa nyinyi msioujua mji huu: Kibenga ni kartie ya mageti marefu, walinzi, na magari meupe yenye antena. Mimi nakaa chumba cha nyuma cha moja ya palseli hizo, sisi watatu, kwa sababu binamu yangu ndiye mlinzi. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, maji yaliingia kwenye nyumba za chini, na watu wenye pesa wakahama na magodoro kichwani kama sisi tulivyohama kwetu. Nisiwe mwongo, nilicheka kidogo. Halafu nikaona haya.

Kazi yangu ni kukaa na vijana. Nimemaliza sekondari tu, sina digrii ya saikolojia, na kwenye formasyo huwa nakaa nyuma. Lakini usiku ni mimi wanayemgongea. Kijana anakuja saa nane ya usiku, anasema, "Yaya, kichwa inazunguka." Hasemi ana ugonjwa. Kwetu tunasema tu mtu ana mawazo mingi. Neno hilo linatosha kwa kila kitu: kukosa usingizi, kushtuka bati likigongwa, kukaa mbele ya chakula bila kula, kutaka kurudi ng'ambo ya Rusizi usiku huohuo ili mambo yaishe, hata yaishe vibaya.

Sasa nieleze hasira yangu ilianzia wapi.

Mwaka 2025 nilikuwa kwenye kikao cha vijana kambini. Wengi wao walikuwa wamevuka Rusizi mwezi wa pili, baada ya Bukavu kuanguka. Walilala kiwanjani Rugombo, kisha wakapakiwa hadi Musenyi. Mwenye kuongoza kikao alikuwa dada mzuri wa roho, simsemi vibaya, na shirika lake silitaji. Alitukalisha kwenye mikeka, akasema tufunge macho, akawasha kisanduku cha sauti. Ikatoka sauti ya maji. Mto unapita, taratibu, ndege wanalia. "Sikilizeni maji," akasema, "acheni maji yachukue mawazo yenu."

Ndugu zangu, watu hawa walivuka mto. Wengine walivuka wakiogelea. Kuna waliomwona mtu akichukuliwa na maji, kweli, si mawazo.

Kijana mmoja wa miaka kumi na sita akasimama. Hakupiga kelele. Akasema, "Yaya, zima hayo maji." Dada hakuelewa, akamwambia arudi kwenye pumzi yake. Kijana akatoka nje ya shitingi akatapika. Wasichana wawili wakaanza kulia, na kwenye ripoti, nadhani, kilio hicho kiliandikwa kuwa matunda mazuri ya kikao.

Tangu siku ile nimeanza kusoma. Rafiki wa parokia alinikopesha vitabu, vingine vya Kifaransa kigumu, nikavisoma polepole na kamusi. Nilichokuta kilinishangaza, na ndicho nataka mapasta wasikie kwanza.

Kukaa kimya mbele za Mungu hakukuletwa na Mzungu wa yoga. Kulianza Afrika. Antonio, aliyefariki mwaka 356, alikuwa mwana wa mkulima wa Misri. Nyuma yake watu kwa maelfu waliingia jangwani kusali. Evagrius, aliyefariki mwaka 399 hukohuko Misri, aliandika orodha ya mawazo yanayomshambulia mtu akikaa peke yake: ulafi, hasira, huzuni, majivuno na mengine, jumla nane. Alikuwa kama daktari wa mawazo mingi, miaka elfu moja na mia sita kabla ya ONG yoyote kufika Bujumbura.

Kijana mmoja aitwaye Yohane Cassian alikwenda kwa wazee hao kuuliza swali lilelile tunalouliza sisi: kwa nini kichwa changu hakitulii? Mzee mmoja, Abba Mose, alimjibu kwa mfano wa mashine ya kusaga inayozungushwa na maji. Alisema akili ni kama jiwe lile. Maji yakipita, jiwe litazunguka tu, huwezi kulizuia. Lakini mwenye kinu ndiye anayechagua atie ngano au atie magugu. Niliposoma hapo nilikumbuka mashine ya muhogo kwetu, na mama mmoja aliyekuwa akigombana na kijana wa mashine kwa sababu amechanganya unga wake na wa mtu mwingine uliooza. Mashine ilikuwa nzima, ila kulikuwa na kitu kimetiwa ndani yake. Hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo juu ya kichwa changu. Pasta aliniambia kichwa changu kina roho chafu. Mwenye formasyo aliniambia nina dalili.

Na Cassian alitia nini kwenye jiwe? Mstari mmoja wa Zaburi ya 70, ule wa kwanza, wa kumwomba Mungu aje upesi kusaidia. Mstari huohuo mmoja, ukiamka, ukila, ukitembea, ukilala. Hakuna kufikiri sana, hakuna kuongea sana. Mawazo yakikuchukua, unarudi kwenye mstari. Hayo ndiyo mafundisho yote, na mimi niliyezoea sala ya saa tano usiku yenye spika nne niliona ni kidogo mno.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayelisema kanisani. Karibu na mwaka 400, askofu mkuu wa Alexandria aliwafukuza wengi wa watawa hao kwa ugomvi wa mafundisho. Wengine walikimbilia Palestina, wengine Constantinople. Cassian aliondoka Misri wakati huohuo, akapita Constantinople, mwisho akaishi Marseille, na hukohuko Ufaransa akaandika yote aliyosikia jangwani. Kwa hiyo sala hii ilihifadhiwa na mtu aliyeondoka Afrika wakati wenzake wanafukuzwa. Papa pasta, ukiniambia ni kitu kigeni, nitakuuliza kigeni kwa nani.

Mnasema asili ya hizi "mazoezi ya pumzi" ni Buda. Hapo mna haki kidogo, na sitaki kuficha kama wengine wanavyoficha. Kozi ambazo ma-ONG wanazifuata zina babu yao: Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha kozi ya wiki nane mwaka 1979 kwenye chuo cha udaktari huko Massachusetts, Marekani. Alichukua mazoezi ya Wabudha akayavua dini ili hospitali iyakubali. Ni kweli. Lakini katika jimbo hilohilo, mji wa jirani kabisa, Spencer, miaka hiyohiyo ya 1970, watawa wa Kikatoliki akiwemo Thomas Keating walikuwa wanafufua sala ya kimya ya Wakristo wa zamani, kwa sababu waliona vijana wao wanakwenda kwa Wabudha kutafuta kitu ambacho kanisa lilikuwa nacho na kilikuwa kimefungiwa sandukuni. Sisi tunataka kurudia kosa hilo? Kijana akikosa ukimya kanisani ataupata mahali pengine, na huku kwetu mahali pengine si kwa Buda. Ni kwenye chupa za plastiki za pombe kali, au kwa wale wanaokuja kuandikisha vijana kwa bunduki.

Na tofauti ipo, tuiseme wazi. Mazoezi ya hospitali yanakufundisha kuona wazo linapita, basi. Sala ya kimya inakuweka mbele ya Mtu. Mwili unafanya yaleyale: umekaa, unapumua, unarudi. Moyo hauelekei mahali pamoja. Mimi ni Mkristo, naelekea kwa Yesu. Kwenye kundi letu kuna vijana wawili Waislamu wa Buyenzi, wao wana dhikri yao, na hawahitaji nifundishe Zaburi ya 70. Kila mtu anachagua neno lake. Mkristo anayeogopa kwamba pumzi itamwibia imani, nadhani imani hiyo ilikuwa na tatizo kabla ya pumzi.

Nyimbo sizikatai, msinisikie vibaya. Ngoma za kanisa zimeniokoa mara nyingi. Lakini si kelele zote ni zetu tangu zamani. Warafiki, wale wanaoitwa Wakweka, walifika Kibimba mwaka 1934 kutoka Kansas. Kuna Warafiki wengi duniani ambao ibada yao ni kukaa kimya saa nzima. Hawa waliofika Burundi walileta mahubiri na nyimbo. Tulipewa walichokuwa nacho kwenye sanduku. Na Novemba 2012 vijana wa nchi nyingi walikusanyika Kigali na mabruda wa Taizé, ambao kila ibada yao ina wimbo mfupi unaorudiwa na kisha kimya kirefu. Sikusikia kwamba Kigali iliingiwa na mapepo juma lile.

Basi hayo ni ya mapasta. Sasa nyinyi wa ONG, msifurahi mapema.

Nimewatetea kwa sababu kitu mnacholeta kina ukweli. Hata utafiti upo. Kwenye kambi ya Rhino, kaskazini ya Uganda, wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini waliingia kwenye utafiti wa programu ya Shirika la Afya Duniani, na matokeo yakatoka mwaka 2020. Vikao vitano, sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, kitabu cha picha, na waongozaji ambao si madaktari. Walifundishwa kugusa ardhi kwa miguu, kuona kilicho mbele yao, kuachana na wazo linalowanasa kama ndoana. Waliofuata vikao walipungukiwa na mateso ya moyo kuliko wasiofuata. Mimi nimeamini. Lakini someni hadi mwisho, kwa sababu mimi nilisoma hadi mwisho: nafuu ilikuwa kubwa vikao vilipoisha tu, na baada ya miezi mitatu ilikuwepo bado, lakini ndogo zaidi. Maana yake si kazi ya siku tano halafu gari linaondoka. Jambo hili linataka watu wanaobaki. Na wanaobaki ni sisi, ambao mnatupa nauli na soda.

Kosa lenu kubwa ni lingine. Mwaka huohuo wa 2025 PAM ilipunguza posho kambini kwa sababu pesa za wafadhili zilikatika. Vikao vya kupumua havikupungua, mimi niliona vimeongezeka. Pumzi ni bei rahisi, haihitaji lori. Mama ana watoto watano na maharage ya nusu mwezi, mnamwambia akubali wakati uliopo bila kuuhukumu. Kuna wakati ambao lazima uhukumiwe!

Evagrius aliandika juu ya pepo la mchana, uvivu wa roho unaomfanya mtawa atazame jua kama limesogea, atazame dirishani, achukie mahali alipo, aote mahali pengine. Niliposoma nilicheka kwa uchungu, maana ni picha ya mtu wa kambini anayesubiri orodha ya kupelekwa Kanada. Miaka saba anakwenda ubaoni kuona kama jina liko. Ningeweza kumwambia: ndugu, hilo ni pepo la mchana, kaa ndani ya seli yako, seli itakufundisha. Ingekuwa uongo mbaya sana. Mtawa alichagua jangwa. Mlango wake haukufungwa na ofisi. Sisi hatukuchagua, na anayetufundisha kupenda seli bila kuuliza ufunguo uko kwa nani anatufanyia ubaya, hata kama sauti yake ni ya upole.

Someni 1 Wafalme sura ya 19, na nyinyi na mapasta. Eliya ni mkimbizi. Ametishiwa na Yezebeli, amekimbia, amekaa chini ya mti akaomba kufa. Malaika anamfanyia nini? Hamwambii apumue. Anamwacha alale. Anamwamsha, anampa mkate na maji. Analala tena. Anampa tena mkate na maji. Ndipo safari ya siku arobaini hadi Horebu, ndipo upepo, tetemeko, moto, na mwisho ile sauti ndogo. Chakula mara mbili, usingizi mara mbili, ukimya baadaye. Utaratibu huo uko kwenye Biblia, na nyinyi mmeugeuza.

Kuna kitu kingine kwenye sura hiyo. Kabla ya ukimya Eliya alilalamika. Baada ya ukimya akaulizwa tena, na akarudia malalamiko yaleyale, karibu neno kwa neno. Ukimya haukumfunga mdomo. Nalisema hili kwa marafiki zangu wa tatu, vijana wa siasa, ambao wananiambia: yaya, hawa wanataka tutulie ili tusidai. Naelewa hofu yao, na siku nyingine naishiriki. Lakini nimeona pia tulivyodai tukiwa na vichwa vinavyozunguka. Tulikwenda ofisini watu thelathini, kila mmoja anapiga kelele yake, tukafukuzwa na hakuna aliyekumbuka tulitaka nini. Mara ya pili tulikaa kwanza, dakika kumi na tano, tukaandika mambo matatu tu, akaenda msichana mmoja kuyasoma. Jambo moja lilijibiwa. Moja kati ya matatu, nahesabu bila kuongeza.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa nani? Si kwa formasyo. Ni kwa mama mmoja mzee wa Fizi, anayeuza ndagala karibu na barabara ya Rumonge. Kila alfajiri anakaa kwenye kigoda, anachambua ndagala, midomo inatembea. Nilidhani anahesabu pesa. Nikamuuliza, "Mama, unahesabu nini?" Akasema, "Sihesabu kitu. Naita Jina." Hajawahi kusikia habari za Cassian. Walimuua mume na wana wawili. Nikamuuliza kama mawazo yameisha. Akanitazama kama mtoto mjinga. "Yataisha wapi? Yanakuja, nayasalimia, narudi kwa samaki."

Kutoka kwake tulipata mambo kadhaa tunayofanya, na nayaandika hapa ili atakaye ayachukue. Macho wazi. Hakuna anayelazimishwa kufunga macho. Yule kijana wa kikao cha maji aliniambia baadaye, "Miye nikifunga macho naona barabara ya kwetu," na tangu hapo sijamwambia mtu afunge. Mikono iwe na kazi kama mtu anataka: kuchambua mchele, kusuka, kushika jiwe. Hakuna sauti ya maji wala muziki wa simu. Anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa. Na tunakula kwanza, hata kama ni ndizi moja moja, maana mwenye njaa akikaa kimya anasikia tumbo lake tu. Dakika tano kwa mpya, kumi kwa mzoefu. Yesu alisema uingie chumbani ufunge mlango; Cassian alifundisha kwamba chumba hicho ni moyo, na mlango ni mdomo. Nashukuru, kwa sababu kwetu Kibenga chumba ni kimoja na tuko watatu, na huko kwenu ukuta ni shitingi, jirani akikohoa unamjibu pole.

Mtu akiwa mbaya zaidi, haongei, anasema anataka kufa, hilo si la kigoda wala la pasta peke yake. Mpelekeni hospitali, na wa ONG mtoe gari. Hapo ndipo tunawahitaji, si kwenye bango.

Kwa mapasta naomba kitu kidogo: baada ya mahubiri, dakika tatu za kimya, spika imezimwa. Mkiona pepo limeingia, mimi nitakuja kufanya usafi wa kanisa mwezi mzima.

Kwa wa ONG: kabla hamjaleta kikao kingine, ulizeni watu walipita wapi kufika hapa. Lipeni waongozaji wa kambini mshahara unaojulikana, kwa mwaka, si kwa siku. Na kwenye karatasi yenu ya moja hadi kumi ongezeni swali hili: jana umekula mara ngapi?

Sisi tunakutana Jumatano, saa kumi na moja ya jioni, nyuma ya palseli, chini ya mwembe. Binamu yangu atakufungulia geti ukisema umekuja kwa vijana. Juma lililopita tulikuwa tisa, na yule wa maji alikuwepo, amekaa mwisho karibu na ukuta, macho wazi, anachambua maharage ya watu wote.